Agathe Uwilingiyimana: Mwalimu aliyewafungulia vijana mlango

Kila ifikapo Februari 1, Rwanda huadhimisha Siku ya Mashujaa, na viongozi wa nchi huweka mashada ya maua katika makaburi ya mashujaa yaliyoko Remera, jijini Kigali. Miongoni mwa waliozikwa pale ni mwanamke aliyekuwa mwalimu wa hesabu na kemia kabla ya kuwa waziri, na hatimaye waziri mkuu wa kwanza mwanamke katika historia ya nchi hii. Huyo ni hayati Agathe Uwilingiyimana, aliyeuawa Aprili 7, 1994, akiwa na umri wa miaka 40.

Wengi wetu tunamfahamu kwa kifo chake. Katika makala haya nimekusudia kueleza maisha yake, hasa ile sehemu ambayo haizungumzwi sana, nayo ni jinsi alivyowalea vijana ambao hakuwazaa yeye. Nawaandikia hasa wenzangu tuliorejea nchini kutoka Uganda, Tanzania, Burundi, Kongo na Kenya, pamoja na wale ambao riziki yao iko mipakani. Naamini sisi ndio tunaodaiwa zaidi katika jambo hili, na sababu zake zitaonekana kadiri tunavyoendelea.

Mimi ni mkazi wa Gisozi, wilaya ya Gasabo. Mgeni akifika kwetu huoneshwa mambo mawili. La kwanza ni Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari, yaliyofunguliwa Aprili 2004, ambako wamezikwa zaidi ya watu 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. La pili ni Gakiriro, pale wanapotengeneza na kuuza vitanda, milango, makochi, mabati na kila aina ya vifaa vya ujenzi. Lakini liko jambo la tatu ambalo wageni wengi hulipita bila kuuliza. Ni shule ya sekondari ya wasichana ya FAWE, iliyoanzishwa mwaka 1999, yenye kutilia mkazo masomo ya sayansi. Ukitaka kujua mbegu ya shule kama hiyo ilitoka wapi, huna budi kurudi nyuma hadi kwa Mwalimu Agathe.

Mtoto wa wakulima

Agathe alizaliwa Mei 23, 1953, huko Nyaruhengeri, katika eneo la Butare, kusini mwa Rwanda. Wazazi wake walikuwa wakulima wa kawaida. Muda mfupi baada ya kuzaliwa kwake, familia ilivuka mpaka kwenda Kongo, wakati huo ikiwa koloni la Wabelgiji, kutafuta kazi. Mwaka 1957 baba yake aliirudisha familia Butare. Kwa hiyo ndugu zangu mnaovuka mpaka asubuhi na kurudi jioni, au mliokulia ng'ambo na kurudi baadaye, mjue kwamba huyu shujaa naye alianza maisha kwa kuhamahama na wazazi waliokuwa wakitafuta mkate.

Alipofaulu mitihani yake alipata nafasi katika shule ya sekondari ya Notre-Dame de Cîteaux, ambako alihitimu na kupata cheti cha ualimu akiwa na umri wa miaka 20. Aliendelea na masomo ya hesabu na kemia, akawa mwalimu wa hesabu Butare. Mwaka 1976 aliolewa na Ignace Barahira, kijana wa kwao aliyekuwa mwanafunzi kama yeye, na wakajaliwa watoto watano.

Hapa kuna jambo la kuzingatia. Kwa wasichana wengi wa kizazi chake, ndoa na watoto ndio uliokuwa mwisho wa daftari. Yeye alilea, akafundisha, na huku akaendelea kusoma. Mwaka 1985, tayari akiwa mama mwenye umri wa miaka 32, alipata shahada yake ya kwanza ya sayansi katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda kilichokuwa Butare. Baada ya hapo alifundisha kemia katika shule za Butare kwa miaka minne.

Mlezi ndani ya darasa

Katika miaka hiyo ya themanini, somo la hesabu na somo la kemia yalionekana ni mambo ya wavulana. Msichana aliyependa namba aliambiwa atafute kazi inayomfaa mwanamke. Mwalimu Agathe hakukubaliana na fikra hizo. Aliwahimiza wasichana wachukue masomo ya sayansi, na kwa sababu hiyo alilaumiwa na watu waliojiona walinzi wa mila. Waliona anawaharibu mabinti za watu.

Mtu anaweza kusema kwamba hiyo ilikuwa kazi yake tu, kwa kuwa mwalimu hulipwa mshahara ili afundishe. Ni kweli, lakini mshahara ule ule angeupata hata kama angeandika ubaoni, akafuta na kwenda zake. Kumfuatilia msichana mmoja mmoja, kumwambia kwamba anaweza, na kukubali kusemwa vibaya mtaani kwa ajili yake ni jambo ambalo halimo katika mkataba wa kazi. Hapo ndipo ualimu unapokuwa ulezi.

Wala hakuishia darasani. Mwaka 1986 alianzisha ushirika wa kuweka na kukopa miongoni mwa wafanyakazi wenzake wa shule. Wafanyabiashara mnaelewa vizuri maana ya jambo hili. Mshahara wa mwalimu ulikuwa mdogo, na mtu asiye na dhamana benki haimjui. Mkichanga kidogo kidogo na kuaminiana, mtu anaweza kulipa ada ya mtoto, kuezeka nyumba au kuanza biashara ndogo. Kazi yake katika ushirika huo ndiyo iliyofanya jina lake lifike Kigali, na mwaka 1989 akateuliwa kuwa mkurugenzi katika Wizara ya Biashara.

Waziri aliyefuta mgawo

Ulipoingia mfumo wa vyama vingi, Agathe alijiunga na chama cha upinzani cha MDR. Mwezi Aprili 1992 iliundwa serikali ya mseto chini ya Waziri Mkuu Dismas Nsengiyaremye, naye akapewa Wizara ya Elimu. Ni hapa alipofanya jambo ambalo kila mtu aliyerejea nchini anapaswa kulijua.

Kwa miaka mingi nafasi za sekondari na vyuo zilitolewa kwa mgawo wa kabila na wa mkoa, mfumo ulioitwa iringaniza. Mtoto angeweza kuwa wa kwanza darasani na bado akabaki nyumbani, kwa sababu idadi iliyotengewa watu wa kabila lake au mkoa wake imekwisha. Wasomaji wengi mtakumbuka habari za mwaka 1973, pale wanafunzi wa Kitutsi walipofukuzwa kutoka shule za sekondari na Chuo Kikuu, na wengi wao wakaikimbia nchi. Baadhi yetu tulizaliwa ukimbizini kwa sababu mzazi alifungiwa mlango wa shule.

Waziri Agathe aliufuta mgawo huo. Aliagiza nafasi za shule za serikali na misaada ya masomo itolewe kwa kufuata alama za mtihani, basi. Yeye mwenyewe kwa kitambulisho cha wakati ule aliandikwa Mhutu, wala hakuwa akinyimwa chochote kwa hesabu ya kabila. Angeweza kunyamaza, akamaliza kipindi chake kwa amani. Badala yake aliwatetea watoto ambao hawakuwa na mtu wa kuwasemea.

Gharama yake haikuchelewa. Mwaka huo huo wa 1992 watu wenye silaha walimvamia nyumbani kwake na kumpiga. Wanawake waliandamana kupinga unyama huo. Alipopona alirudi kazini. Magazeti na redio za wenye siasa kali ziliendelea kumtukana kwa sababu ya siasa yake na kwa sababu ya uanamke wake.

Mwaka huo wa 1992, pia, mawaziri wa elimu wanawake wa Afrika walianzisha jumuiya iitwayo FAWE kwa ajili ya kuendeleza elimu ya wasichana, ambayo makao yake makuu yako Nairobi. Agathe, akiwa waziri wa elimu, alikuwa mmoja wa wanachama wake. Baada ya kifo chake, FAWE iliita kwa jina lake tuzo inayotolewa kwa miradi yenye ubunifu katika elimu ya wasichana.

Waziri Mkuu, na siku ya mwisho

Julai 17, 1993, aliteuliwa kuwa Waziri Mkuu. Wiki moja tu kabla yake, jirani zetu wa Burundi nao walikuwa wamempata waziri mkuu mwanamke, Bi. Sylvie Kinigi. Agathe alishika wadhifa huo katika wakati mgumu mno. Mkataba wa Amani wa Arusha ulitiwa saini Agosti 4, 1993, lakini serikali ya mpito iliyokubaliwa humo haikuundwa kwa wakati, na yeye akabaki kushikilia kazi kwa muda huku akipingwa hata na watu wa chama chake.

Usiku wa Aprili 6, 1994, ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilidunguliwa ikitua Kigali. Kwa mujibu wa katiba, madaraka ya kuendesha serikali yalikuwa mikononi mwa Waziri Mkuu. Alitaka kwenda redioni asubuhi kuzungumza na wananchi ili watulie. Umoja wa Mataifa ulituma askari 10 wa Kibelgiji kumlinda na kumsindikiza. Lakini nyumba yake ilizingirwa na wanajeshi wa serikali. Askari wale wa Kibelgiji walinyang'anywa silaha, wakapelekwa katika kambi ya jeshi ya Kigali na kuuawa. Agathe na mumewe walikimbilia jirani, katika makazi ya wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa. Walifuatwa huko, na wote wawili wakauawa asubuhi hiyo.

Watoto wao walifichwa katika nyumba ya mfanyakazi wa Umoja wa Mataifa. Kapteni Mbaye Diagne, askari wa Senegal aliyekuwa katika kikosi cha kulinda amani, ndiye aliyewaokoa, na baadaye walipelekwa Ulaya na kupata hifadhi Uswisi. Kapteni Diagne aliendelea kuokoa watu wengine mjini Kigali hadi alipouawa yeye mwenyewe Mei 31, 1994. Tuangalie jambo hili kwa makini. Mwanamke aliyetumia maisha yake kuwalea watoto wa wengine, wanawe waliokolewa na mgeni aliyetoka mbali, asiye ndugu yao wala wa lugha yao.

Leo Agathe Uwilingiyimana amewekwa katika daraja la mashujaa liitwalo Imena, pamoja na Mfalme Mutara wa Tatu Rudahigwa, Michel Rwagasana, Félicité Niyitegeka na wanafunzi wa shule ya Nyange, ambao mwezi Machi 1997 waliamriwa na wauaji wajitenge kwa makabila wakakataa. Wanafunzi wale wa Nyange hawakuwa viongozi, walikuwa vijana wa sekondari. Watu hawazaliwi na moyo wa namna ile. Kuna watu wazima waliowalea.

Tuseme: neno letu la Kiswahili

Tukirudi Gisozi, shule ya FAWE hutumia pia utaratibu ambao jina lake linatupendeza sisi tunaozungumza Kiswahili. Unaitwa Tuseme. Ulianza Tanzania mwaka 1996 kwa juhudi za wataalamu wa sanaa za maonesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Profesa Penina Mlama, ambaye baadaye aliiongoza FAWE. Katika Tuseme, wasichana huchambua wenyewe matatizo yanayowazuia kusoma, kama vile mimba za utotoni, kazi nyingi za nyumbani, na wanaume wanaowasumbua. Kisha huyaonesha kwa maigizo, nyimbo na ngoma mbele ya walimu na wazazi, wakajadiliana nini kifanyike.

Siri ya utaratibu huu ni kwamba mtu mzima hupewa kazi ya kusikiliza. Katika jamii zetu kijana husemeshwa sana lakini husikilizwa kidogo. Anapopata mtu mzima mmoja wa kumsikiliza bila kumgombeza, huyo anakuwa nguzo yake. Ukiwauliza watu waliofanikiwa, wengi watakutajia mtu wa namna hiyo, ambaye anaweza kuwa mwalimu, shangazi, mwenye duka au fundi.

Nasi je?

Nilisema mwanzoni kwamba sisi tuliorejea pamoja na wafanyabiashara wa mipakani tunadaiwa zaidi. Nieleze sasa. Sisi tumebeba ujuzi ambao hauandikwi vitabuni. Tunajua lugha tatu au nne. Tunajua kuanza upya mahali ambapo hatuna ardhi wala jina. Mfanyabiashara wa Gatuna anajua ilivyokuwa mpaka ulipofungwa mwaka 2019 hadi Januari 2022, na jinsi alivyobadilisha bidhaa na njia ili watoto wale. Mama anayevusha nyanya na unga kati ya Rubavu na Goma, au kati ya Rusizi na Bukavu, anajua kuhesabu faranga za nchi mbili na dola kwa kichwa. Anajua pia kwamba kuna utaratibu rahisi wa forodha wa COMESA kwa ajili ya mizigo midogo, na kwamba anayepita njia za panya mwisho hupoteza mzigo wote.

Ujuzi huo tukifa nao, utakuwa umezikwa. Kijana aliyemaliza shule na hana kazi, akikosa wa kumwonesha, atajifunza biashara kwa watu wa magendo. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa mpakani ni mwalimu mkali.

Naomba tusilifanye jambo hili kuwa kubwa lisilobebeka. Mwalimu Agathe hakuanza na taifa zima, alianza na darasa lililokuwa mbele yake. Wewe chagua kijana mmoja, awe wa ndugu yako, wa jirani, au yule anayekubebea mzigo kila siku sokoni. Kwanza zungumza na wazazi wake au mlezi wake, jambo liwe wazi. Mkubaliane siku moja kwa wiki. Mfundishe kuandika daftari la mauzo: kilichoingia, kilichotoka, faida na deni. Mpeleke siku moja forodhani aone karatasi zinavyojazwa. Akiwa bado shuleni, mwulize habari za masomo, na uende naye kwa mwalimu pale mambo yanapokwama. Kina mama, msiwaache mabinti. Msichana anayependa namba anahitaji kumwona mwanamke anayezimudu namba, hata kama namba hizo ni za magunia ya maharage.

Huko Gakiriro, mafundi wamekuwa wakifanya hivi kwa namna yao. Kijana huanza kwa kushika ubao na kupiga msasa, kisha hupewa randa, na mwishoni huachiwa kutengeneza kiti kizima. Fundi mwema humwachia kijana ajaribu, hata kama mbao moja itaharibika. Lakini wapo pia wanaomweka kijana miaka mitatu akifagia vumbi la mbao bila kumfundisha wala kumlipa. Huo si ulezi, bali ni kumnyonya. Vilevile mtu mzima anayemtaka msichana faragha kwa kisingizio cha kumsaidia si mlezi, na mzazi akiona dalili hizo asikae kimya. Ulezi wa kweli hufanyika mchana, watu wakiona.

Najua jibu la wengi litakuwa kwamba hatuna muda. Ushuru unadai, kodi ya kibanda inadai, na ada za watoto wetu wenyewe hazijakamilika. Agathe naye alikuwa na watoto watano, kazi ya kufundisha na masomo ya chuo kikuu kwa wakati mmoja. Sisemi kila mtu awe kama yeye. Nasema kwamba kama saa moja kwa wiki imetushinda, tujiulize ni nani tunayemtegemea awalee vijana hawa ambao kesho watakuwa wateja wetu, wakwe zetu na viongozi wetu.

Wasichana wanaosoma sayansi hapa Gisozi leo hawachaguliwi kwa kabila wala hawaulizwi wametoka mkoa gani. Wengine ni mabinti wa wale waliofungiwa mlango mwaka 1973. Watamaliza shule wakiwa na vyeti mkononi, na wengi watatafuta mtu wa kuwaonesha hatua inayofuata. Ukikutana na mmoja wao kwenye basi la Nyabugogo au dukani kwako, mwulize anasoma nini na anataka kuwa nani, kisha umwambie unachoweza kumfundisha.